Maswali Yenu: Vim Ina Sarufi, Anzeni Nayo

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu Vim, ile programu ya kuandika na kuhariri maandishi kwa kibodi peke yake, bila kushika kipanya. Barua zilizokuja zimezidi nafasi tuliyo nayo. Nimechagua sita. Mimi mwenyewe niliianza Vim mwaka 2004, nikiwa mtunza seva hapa Tanga, na hata ukurasa huu nauandika humo humo. Kwa hiyo majibu yangu ni ya mtu aliyeizoea na anayeipenda.

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma mwaka wa pili, Dodoma. Kuna kaka wa mwaka wa nne nilimwona akiandika programu kwa Vim, vidole haviondoki kwenye kibodi, nikatamani. Nikashusha mipangilio ya mtu kutoka intaneti: mistari zaidi ya 400, programu-jalizi (zile nyongeza za Vim) 38. Sasa kila nikiifungua inanijazia makosa mekundu, na hata inapofunguka vizuri sijui nibonyeze nini. Nianzie wapi, nisome nini? Bando langu ni la kuhesabu. (Mwanafunzi, Dodoma)*

Marahaba mwanangu. Kabla ya yote, weka hiyo mipangilio kando. Usiifute, ipe tu jina jingine:

`mv ~/.vimrc ~/.vimrc-ya-mwenzangu`

Folda ya `.vim` nayo ifanyie hivyo hivyo. Aliyeandika mistari ile 400 aliiongeza mmoja mmoja, kila mmoja siku alipokwama mahali fulani. Wewe hujakwama popote bado, kwa hiyo huwezi kujua upi unakusaidia na upi unakuchanganya.

Sasa andika `vimtutor` kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ubonyeze Enter. Hilo ndilo somo la kwanza, na limekuja pamoja na Vim yenyewe, halili bando hata kidogo. Linachukua nusu saa hivi. Ni faili la kawaida la maandishi, unasoma maelekezo na kuyatenda papo hapo juu ya mistari ya mazoezi. Usiogope kuliharibu, maana unafunguliwa nakala. Lifanye leo, lifanye kesho, lifanye tena Jumamosi. Mara ya kwanza utashangaa, mara ya pili utakumbuka, mara ya tatu vidole vitatangulia kabla hujawaza.

Ukilifanya, kuna jambo nataka uliangalie kwa makini, kwa sababu wengi hulipita. Amri za Vim hazikuundwa za kukariri moja moja. Zina sarufi. `d` ni kufuta, `c` ni kubadilisha, yaani kufuta na kuanza kuandika hapo hapo, `y` ni kunakili. Hivyo ni vitenzi. Kisha kuna kinachotendwa: `w` mpaka mwanzo wa neno linalofuata, `$` mpaka mwisho wa mstari, `ip` aya nzima, `i"` kilichomo ndani ya alama za kunukuu. Unaviunga. `dw` inafuta neno, `d2w` inafuta mawili, `yip` inanakili aya, `ci"` inatoa kila kilicho ndani ya alama za kunukuu na kukuacha tayari kuandika kingine.

Sisi tuliokulia Kiswahili hatupaswi kuiona hii ngeni. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha *nilimpigia*, *tulimpigia* na *atanipigia* kama maneno matatu ya kukariri. Ulijua *ni-* na *tu-*, ulijua *-li-* na *-ta-*, ulijua mzizi *-pig-*, na siku moja ukatamka neno ambalo hujawahi kulisikia na kila mtu akakuelewa. Vim inajifunzwa vivyo hivyo. Ukijua vitenzi vitatu na vitendwa vinane, una amri 24, na kila kitendwa kipya unachojifunza kinakuongezea tatu kwa mpigo. Ndiyo maana nasema jalizi 38 zisubiri.

Mtu mzima mmoja niliyefanya kazi naye ndiye aliyenionyesha hili. Nilikuwa nabadilisha jina la seva kwenye faili refu, mahali kama 60, na kila mahali nafuta herufi moja moja kisha naandika upya. Laini yetu ilikuwa nzito, unabonyeza kitufe na herufi inatokea baada ya kupumua mara mbili. Akasimama nyuma yangu, akaniambia nitafute neno kwa `/zamani`, niandike `ciw`, jina jipya, halafu Esc, kitufe cha kuacha kuandika na kurudi kwenye amri. Kisha akasema: sasa `n`, halafu nukta. `n` ikanipeleka lilipotokea tena, nukta ikarudia badiliko zima. `n`, nukta. `n`, nukta. Kazi ya mchana mzima iliisha kabla chai haijapoa. Nukta ndiyo amri ninayoipenda kuliko zote, na ni kitufe kimoja tu.

Ufupi huo una chanzo chake. Babu wa Vim ni `vi`, iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliitaka itumike hata kupitia modemu ya baudi 300, yaani kama herufi 30 kwa sekunde. Amri ndefu pale ingekuwa mateso. Na ukijiuliza kwa nini kishale, ile alama ya mahali ulipo kwenye maandishi, kinaendeshwa kwa `h`, `j`, `k` na `l`, mashine aliyokuwa akitumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe hivyo hivyo vinne.

Baada ya vimtutor, mwalimu wako wa pili ni `:help user-manual`. Nao uko ndani ya kompyuta yako, sura kwa sura, umeandikwa kwa Kiingereza chepesi. Ukiona neno lenye rangi, weka kishale juu yake ubonyeze Ctrl na `]`, litakupeleka kwenye maelezo yake, Ctrl na `o` inakurudisha ulikotoka. Ukitaka kujua kitufe fulani kinafanya nini, uliza moja kwa moja, mfano `:help c`. Mwenye kuzoea `:help` hana haja ya bando.

Ukipata fedha ya kitabu kimoja, kitafute *Practical Vim* cha Drew Neil. Kimepangwa kwa vidokezo vifupi, unaweza kusoma kimoja asubuhi na kukitumia siku nzima. Mchezo wa Vim Adventures unafundisha kutembeza kishale kwa kumwongoza mtu ndani ya ramani. Hatua za mwanzo ni za bure, zilizobaki hulipiwa, na unahitaji intaneti. Wadogo zangu waliupenda. Mimi kwako wewe ningesema vimtutor inatosha.

Na aliyeitengeneza Vim, Bram Moolenaar, aliandika mwaka 2000 makala juu ya mazoea saba ya kuhariri vizuri. Kiini chake: tambua mahali unapopoteza muda, tafuta njia ya haraka zaidi, kisha uizoeze mpaka iwe tabia. Jambo moja kwa wiki. Mimi nina karatasi iliyobandikwa ukutani yenye amri moja tu, na haibadilishwi mpaka mkono uijue.

*Mwalimu, nimefungua vi kwenye Ubuntu. Nikibonyeza mishale wakati naandika zinatokea herufi A, B, C, D. Pia niliposevu kwa Ctrl+S skrini iliganda kabisa nikazima kompyuta. Je, imeharibika? (Kijana wa duka la vipuri, Iringa)*

Haijaharibika, kaka. Ulichofungua ni `vim-tiny`, toleo dogo linalokuja na mfumo, lenye tabia za vi ya kale. Weka kamili: `sudo apt install vim`. Mishale itatulia, na vimtutor utaipata.

Kuganda kwa skrini si kosa la Vim. Ni terminali iliyoelewa Ctrl+S kuwa ni amri ya kusimamisha maandishi. Bonyeza Ctrl+Q itaendelea. Kusevu ni Esc, kisha `:w`. Kutoka ni `:q`. Kusevu na kutoka kwa pamoja `:wq`. Kutoka na kutupa ulichobadilisha `:q!`. Na ukibonyeza Ctrl+Z ukaona Vim imetoweka, haijafungwa, imelala tu nyuma. Andika `fg` irudi.

*Habari za kazi Mwalimu. Mimi natengeneza tovuti, Mombasa. Vimtutor nimemaliza, natumia Vim kazini mwezi wa tatu sasa. Nadhani nimefika pa kuongeza jalizi. Zipi? Na kuna haja ya programu ya kuzisimamia? (Fundi wa tovuti, Mombasa)*

Nzuri, ndugu yangu, na miezi mitatu ni muda mzuri wa kuuliza swali hili. Kipimo changu ni kwamba nikiona kero moja imenirudia mara tatu ndani ya wiki, na Vim tupu haina dawa yake, hapo natafuta jalizi. Kwa kazi yako ya tovuti naweza kukisia kero mbili.

Ya kwanza ni alama zinazozunguka maneno: nukuu, mabano, tagi za HTML. Tim Pope aliandika `surround`, na naiweka mbele ya zote kwa sababu haikuletei menyu wala vitufe vya ajabu. Inaongeza maneno ndani ya sarufi uliyokwisha kuijua. `cs"'` inageuza nukuu mbili kuwa nukuu moja, `ds(` inaondoa mabano, `ysiw)` inalifunga neno kwenye mabano. Iandamanishe na `repeat`, ya mtu huyo huyo, ili ile nukta niliyoisifia hapo juu iweze kurudia kazi za `surround` pia. Bila `repeat`, nukta haitazijua.

Ya pili ni kuzima mistari ya msimbo kwa muda kwa kuigeuza kuwa maelezo. `commentary`, ya Tim Pope tena: `gcc` kwa mstari mmoja, `gcap` kwa aya. Ukihamia Neovim, programu iliyochipuka kutoka Vim, toleo la 0.10 au baadaye, hiyo imo tayari, usiiongeze.

Ukiwa na mradi wenye mafaili mengi, `fzf` ya Junegunn Choi ni msaada mkubwa: unaandika vipande vya jina la faili, si lazima jina zima, nalo linajitokeza. Na kama mnatumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kazini, `fugitive` itakuonyesha kila mstari aliuandika nani kwa `:Git blame`. Hapo ningesimama. Mti wa mafaili pembeni, ambao watu huupenda mno, sikuwekei kwenye orodha. Andika `:Explore` uone kwamba Vim ina wake.

Kuhusu msimamizi wa jalizi, si lazima. Tangu Vim 8, ya mwaka 2016, Vim inajipakia yenyewe chochote ulichoweka mahali pake:

`mkdir -p ~/.vim/pack/zangu/start`

Ingia humo, `git clone` jalizi unayoitaka, fungua Vim, andika `:helptags ALL` ili maelezo yake yaingie kwenye `:help`. Basi. Kuiondoa ni kufuta folda yake. Faida nyingine ni kwamba folda hiyo ya `pack` unaweza kuiweka kwenye flashi ukampelekea mwenzako asiye na intaneti, na kwake itafanya kazi vile vile. Nimeigawa hivyo kwa wanafunzi wengi. Ukifikisha jalizi kumi na zaidi, hapo msimamizi kama `vim-plug` atakupunguzia kazi ya kuzisasisha.

Siku Vim ikianza vituko, ifungue kwa `vim --clean`. Hapo inakuja bila mipangilio wala jalizi zako. Kama tatizo limeondoka, liko kwenye vitu vyako. Ziondoe jalizi moja moja mpaka umpate mwenye kosa.

*Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi si mtu wa kompyuta. Nanakili mashairi ya marehemu babu yangu kutoka daftari, Pemba. Kijana wangu aliniwekea Vim na nimeizoea kiasi. Lakini neno kama ng'ombe nikilifuta kwa* `dw` *inafutika ng tu. Na je, ina faida yoyote kwa mtu wa mashairi? (Mjukuu wa malenga, Wete)*

Wa alaykumu salaam, kaka. Barua yako nimeisoma mara kadhaa kwa furaha.

Kwa Vim, ile alama ya ng' si herufi, kwa hiyo *ng'ombe* inaiona kama vipande vitatu: *ng*, alama, na *ombe*. Dawa ya haraka ni herufi kubwa: `dW` hukata mpaka kwenye nafasi tupu, bila kujali alama zilizo katikati. Dawa ya kudumu ni kuandika mstari huu kwenye faili la mipangilio ya Vim, `.vimrc`:

`set iskeyword+='`

Kuanzia hapo *ng'ombe*, *ng'ambo* na *kung'ata* yatakuwa maneno kamili. Angalia tu uwe unaandika alama ile iliyonyooka, si ile iliyopinda inayowekwa na programu nyingine.

Ama faida kwa mashairi, ipo, tena kubwa. Kama umeacha mstari mtupu kati ya beti, basi kila ubeti kwa Vim ni aya. `dap` inaunyanyua ubeti mzima, na `p` inaushusha unapotaka. Mishororo miwili iliyopishana unaibadilishana nafasi kwa `ddp`. Na vina unaweza kuvikagua. Simama ndani ya ubeti, andika `vip` kuuchagua, kisha bonyeza nukta mbili. Vim itaandika yenyewe `'<,'>`, nawe umalizie:

`v/ni[,.;]*$/p`

Itakutolea kila mshororo usioishia na *ni*, iwe una mkato au nukta mwishoni au hauna. Badilisha *ni* uweke kina cha ubeti husika. Kwa vina vya kati, kama unatenga vipande kwa mkato, ni `v/ni,/p`. Kibwagizo kikijitokeza humo usishtuke, kina kina chake. Mizani hiyo hesabu mwenyewe, na pale daftari linapopingana na hesabu yako, liamini daftari mpaka uwe umewauliza wazee wawili watatu.

Na tafadhali, kila jioni nakili faili hilo kwenye flashi mbili. Daftari la malenga ni moja tu duniani.

*Mwalimu, umeme ulikatika nikiwa naandika ripoti. Uliporudi Vim ikaniletea tangazo refu linaloanza na E325, nikaogopa nikafunga. Kazi yangu imepotea? (Karani, Kahama)*

Haijapotea, au imepotea kidogo sana. Vim huandika akiba pembeni, kwenye faili lililofichwa lenye jina la faili lako na kiishio `.swp`. Huiandika kila baada ya herufi 200 au ukinyamaza sekunde nne. Tangazo lile ndilo habari njema: linasema akiba imeonekana.

Fungua tena faili. Kwanza soma kama tangazo linasema STILL RUNNING. Ikiwa hivyo, faili limefunguliwa kwenye dirisha jingine, nenda huko. Kama sivyo, bonyeza `R`. Kagua maandishi yako, yasevu kwa jina jipya, `:w ripoti-iliyookolewa.txt`, linganisha na la zamani, na ukisharidhika ndipo uifute ile `.swp`, la sivyo tangazo litakurudia kila siku. Wengi hubonyeza `D` kwa haraka ili tangazo liondoke. `D` ni kufuta akiba. Usiibonyeze kabla ya kuokoa.

Ongeza pia `set undofile` kwenye `.vimrc`. Itakuwezesha kutendua kwa `u` hata mabadiliko ya jana, baada ya kufunga na kufungua.

*Mwalimu, kwa nini Vim ikifunguka tupu inaandika habari ya watoto wa Uganda? Mimi nafundisha Bukoba, Uganda ni jirani zetu, wanafunzi wameniuliza nikakosa jibu. (Mwalimu wa sekondari, Bukoba)*

Mwalimu mwenzangu, asante kwa swali hili. Wanafunzi wako wana macho.

Bram Moolenaar alikuwa Mholanzi. Alitoa Vim kwa umma mwaka 1991, kwa kompyuta za Amiga. Mwaka 1994 akaja Uganda, kijiji cha Kibaale, wilaya ya Rakai, akajitolea mwaka mzima kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. Rakai ya wakati ule mnaijua ninyi wa Kagera kuliko mimi wa Tanga: UKIMWI ulikuwa umepita nyumba kwa nyumba pande zote mbili za mpaka, na yatima walikuwa wengi. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika, ICCF Holland, la kukusanya michango ya kusomesha na kutibu watoto wa Kibaale. Vim akaendelea kuitoa bure, akaomba jambo moja tu kwa anayeipenda: achangie watoto wale. Mwito wenyewe akauweka pale ambapo kila mtumiaji, wa Tokyo au wa Toronto, atauona, kwenye skrini ya kwanza.

Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Wenzake wakaipokea kazi, na toleo la 9.1, la Januari 2024, wakalitoa kwa kumbukumbu yake.

Waonyeshe wanafunzi: `:help uganda`. Ukurasa unaeleza Kibaale ilipo, na humo wataikuta Tanzania imetajwa kwa jina, kwa kuwa kijiji kiko kusini, karibu na mpaka wetu. Mstari ule wa skrini ya kwanza hautokei kila mara, hupokezana na mwito mwingine wa kuichangia programu yenyewe. Ukiukosa mbele ya darasa, funga Vim, hesabu sekunde mbili tatu, fungua tena.